Mwongozo Kamili: Kuhifadhi Historia na Sanaa za Wanawake Wenye Ulemavu Wanaopenda Wanawake

Historia hii hupotelea chumbani. Mwenye chumba akifariki, ndugu huja kufungasha, na kwao kaseti zisizo na jina ni takataka, daftari za breli ni makaratasi yenye vinundu, na barua za miaka mingi kutoka kwa mwanamke mwenzake ni aibu ya kuchomwa kabla majirani hawajaiona. Mwanamke huyo alikuwa ameshaachwa nje mara mbili akiwa hai. Vyama vya watu wenye ulemavu vilimhesabu kama mtu asiye na mapenzi, na wasagaji wenzake walikutania ghorofa ya pili, pasipo na lifti. Matokeo yake ni kwamba maktaba nyingi hazina hata ukurasa mmoja juu yake.

Mwongozo huu ni kwa mtu yeyote anayetaka kuzuia upotevu huo: rafiki, mpenzi aliyebaki, kikundi kidogo, mkutubi, au mwanamke mwenyewe anayepanga mambo yake. Nitasisitiza mambo mawili hadi mwisho. La kwanza, kazi ihifadhiwe katika umbo ililozaliwa nalo, iwe ni alama za mikono, breli, kaseti au sauti ya mashine. La pili, mwenye maisha ndiye mwenye uamuzi, hata pale ambapo amezoea kuamuliwa kila kitu.

Waliotangulia walifanyaje

Huhitaji jengo wala fedha nyingi ili uanze. Lesbian Herstory Archives, hifadhi ya wasagaji iliyoanzishwa New York mwaka 1974, ilikaa kwa miaka mingi ndani ya makazi ya mwandishi Joan Nestle huko Manhattan. Wageni walisoma barua na majarida sebuleni kwake. Mwaka 1993 ilifungua milango katika nyumba yake yenyewe, Brooklyn. Tangu mwanzo waanzilishi waliweka kanuni ambazo ningependa kila kikundi kizinakili: mlango uko wazi bila kuulizwa shahada ya chuo, kazi zinatunzwa na jamii yenyewe, na mkusanyiko hauuzwi wala haugawanywi. Kaseti zake nyingi, zikiwemo za mshairi Audre Lorde, ziligeuzwa kuwa faili za kompyuta na wanafunzi wa ukutubi wa Pratt Institute. Wanafunzi walipata mafunzo, hifadhi ikapata nakala. Kama kuna chuo kinachofundisha ukutubi karibu nawe, na usalama unaruhusu, fikiria mpango wa aina hiyo.

Lorde mwenyewe anafaa kuchunguzwa kwa makini. Alikuwa na uoni hafifu tangu utotoni. Mwaka 1978 alikatwa titi kwa sababu ya saratani, akakataa kuvaa titi la bandia, na mwaka 1980 akachapisha sehemu za shajara alizoandika wakati wa ugonjwa. Maandishi ya mgonjwa aliye kitandani, ambayo wengi wangeyaona ni mambo ya hospitali, yakawa fasihi na siasa. Leo nyaraka zake ziko Spelman College, Atlanta, na nyingine za miaka yake ya Ujerumani ziko Freie Universität, Berlin. Hakuna moto mmoja unaoweza kumfuta.

Gloria Anzaldúa, mwandishi msagaji wa jamii ya Wachikano (Wamarekani wenye asili ya Mexico) huko Texas, aliishi na kisukari hadi kilipomuua mwaka 2004. Karatasi zake ziko Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Lakini vitu vya madhabahu zake za nyumbani, alivyovipanga karibu na mahali pa kuandikia, viko California, katika chuo kikuu cha Santa Cruz. Kuna mtu aliyetambua kwamba hata vitu hivyo ni sehemu ya kazi yake. Na huko Denver, maktaba ya umma inatunza nyaraka za Laura Hershey, mshairi na mwanaharakati aliyetumia kiti cha magurudumu, aliyefariki mwaka 2010. Maktaba ya mji, ambayo mtu yeyote anaweza kuingia.

Halafu kuna jarida la Dykes, Disability & Stuff, lililoanza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, likiandikwa na wasagaji wenye ulemavu kwa ajili ya wenzao. Lilitolewa katika maumbo mbalimbali: maandishi ya kawaida, maandishi makubwa, kaseti na breli. Ukihifadhi toleo la kawaida peke yake umehifadhi maneno, ila umepoteza ushahidi kwamba wanawake hawa walikataa kumwacha mwenzao asiyeona asubiri kusomewa.

Hatua ya 1: Pima hatari kabla ya kurekodi chochote

Huko New York unaweza kubandika jina mlangoni. Kwetu sivyo. Zanzibar ilirekebisha sheria yake ya adhabu mwaka 2004 na kuwataja waziwazi wanawake wanaopendana. Kenya na Tanzania Bara zina vifungu vya tangu ukoloni dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inaadhibu hata kile inachokiita kuendeleza ushoga, kwa kifungo cha hadi miaka 20. Sheria hiyo hiyo inaweka adhabu ya kifo kwa makosa inayoyaita mazito zaidi, na miongoni mwa sababu za kulifanya kosa liwe zito ni mmoja wa wahusika kuwa mtu mwenye ulemavu. Ridhaa yake haihesabiki. Kwa maneno mengine, sheria inamchukulia mwanamke mtu mzima mwenye ulemavu kama asiyeweza kupenda kwa hiari yake. Rekodi unayoipanga inaweza kuwa ushahidi mahakamani dhidi ya mpenzi wake.

Kwa hiyo:

- Orodha ya majina halisi isikae pamoja na rekodi. Kila mtu apewe namba au jina la kupanga, na ufunguo wa majina uwe mahali pengine, mikononi mwa mtu mwingine.
- Diski na simu zifungwe kwa usimbaji, yaani yaliyomo yasisomeke bila nenosiri. VeraCrypt ni programu ya bure kwa kompyuta.
- Zima kipengele cha mahali kwenye kamera ya simu, maana picha hubeba ndani yake alama za pale ilipopigwa.
- Kagua nakala rudufu za WhatsApp. Usimbaji wa nakala hizo hauwi umewashwa mpaka mwenye simu auwashe.
- Rekodi za hatari zaidi zisikae nchini kabisa kama kuna hifadhi ya kuaminika nje. GALA, hifadhi iliyoanzishwa Johannesburg mwaka 1997 na kuhusishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ni mahali pa kuuliza kwanza kwa Afrika.

Kumbuka pia kwamba kuficha jina hakutoshi. Katika mji mdogo, mwanamke mmoja tu ndiye mwenye ualbino anayeshona nguo za harusi. Sentensi hiyo peke yake imeshamtaja. Soma kila maelezo ukiwa umejiweka katika nafasi ya jirani mbaya.

Hatua ya 2: Ridhaa inayoeleweka, isiyopitia kwa mlezi

Hapa ndipo miradi mingi yenye nia njema hukosea. Mwandishi anafika, anamkuta dada mkubwa wa mwenye maisha au msaidizi wake, anaeleza mradi kwa huyo, na mwenye maisha yuko pembeni anatazama. Usifanye hivyo. Zungumza na mwenyewe, ukimwangalia yeye, hata kama jibu linachukua dakika tano kutoka. Kama anatumia mkalimani wa lugha ya alama, macho yako yawe kwake, na mkalimani achaguliwe na yeye. Jamii za viziwi ni ndogo, na mkalimani uliyemleta wewe huenda ndiye anayekalimani kanisani kwao kila Jumapili.

Msaidizi akiwepo chumbani, amesikia siri. Muulize mwenyewe mkiwa wawili, au kwa ujumbe wa simu, kama angependa msaidizi abaki, atoke, au mahojiano yafanyike siku ambayo zamu ni ya mtu mwingine.

Fomu ya ridhaa isiwe karatasi moja ya kusema ndiyo au hapana. Iwe na ngazi: kuna vitu vya kufunguliwa leo, vitu vya kusomwa na wanawake wa jamii hii tu, vitu vya kufunguliwa akishafariki, vitu vya kukaa vimefungwa kwa miaka 30 au 50, na vitu ambavyo kumbe hataki vihifadhiwe. Kila ngazi ielezwe kwa lugha nyepesi, isomwe kwa sauti, itafsiriwe kwa alama na kurekodiwa kwa video kama mhusika ni kiziwi. Kwa mwanamke mwenye ulemavu wa akili, tumia sentensi fupi na picha, kisha rudi siku nyingine umuulize tena. Kama majibu yamebadilika, fuata jibu jipya. Na haki ya kujiondoa iandikwe wazi, pamoja na njia ya kuitumia.

Barua zina utata wake. Karatasi ni ya aliyeipokea, lakini haki ya kuchapisha maneno yaliyomo ni ya aliyeyaandika. Mama mmoja akikupa barua za mpenzi wake wa zamani, unaweza kuzitunza, lakini huwezi kuzichapisha bila idhini ya yule mwingine au warithi wake. Na warithi hao huenda hawajui lolote.

Hatua ya 3: Tambua ni nini hasa unachotafuta

Usiulize tu, "Una nyaraka?" Wengi watajibu hapana, kwa sababu neno hilo linawafanya wafikirie vyeti. Ulizia vitu. Fimbo iliyochorwa rangi. Kiti cha magurudumu chenye vibandiko vya maandamano. Kanga aliyopewa na mpenzi wake, na jina lililosomeka ndani yake kwao wawili tu. Kanda za mashairi. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao kwa wanawake wasioona ndio shajara na ndio barua. Video fupi za ushairi wa alama. Ratiba ya marafiki waliopeana zamu za kumwogesha na kumpikia mwenzao, maana mitandao ya kutunzana ni historia kubwa kuliko mikutano mingi ya hotelini. Hata barua za malalamiko kwa waandaaji wa tamasha waliosahau njia ya kiti cha magurudumu ni hazina.

Karatasi za hospitali zitunzwe kwa tahadhari. Zinaonyesha jinsi madaktari walivyomwona, si jinsi alivyojiona. Zikihifadhiwa, ziwe katika bahasha yao, zimefungwa, na pembeni yake pawe na maneno yake mwenyewe.

Hatua ya 4: Mahojiano

Salamu kwanza, na kwa heshima ya umri. Mwanamke aliyekuzidi anastahili shikamoo yake hata kama amelala kitandani na wauguzi wote wanamwita "mgonjwa".

Panga vipindi vifupi. Dakika 30 zinatosha kwa mtu mwenye maumivu ya kudumu au uchovu, na bora kurudi mara kadhaa kuliko kumchosha siku moja. Muulize saa gani ya siku mwili wake unamruhusu. Mahojiano ya maandishi, ya ujumbe wa sauti unaotumwa polepole kwa wiki nzima, au ya kitandani taa zikiwa zimepunguzwa, yana hadhi sawa na ya studio. Usijipake manukato, kwa sababu kwa baadhi ya wanawake harufu kali huleta shambulio la pumu au kipandauso. Wasagaji wenye ulemavu wa Marekani walipigania jambo hili kwenye mikusanyiko yao kwa miaka mingi, na ni adabu ndogo isiyogharimu kitu.

Kama anazungumza kwa shida kutokana na mtindio wa ubongo, usiweke sauti ya mtu mwingine juu ya yake. Acha sauti yake isikike yote, uongeze manukuu chini. Kama anatumia kifaa cha kuzungumzia, rekodi kifaa na uso kwa pamoja, na usikate ukimya wa kati. Kule kusubiri ndiko kunakoonyesha jinsi alivyotunga sentensi.

Kwa lugha ya alama, picha ianzie juu ya kichwa hadi kiunoni, na nafasi ya kutosha kwa viwiko pande zote mbili. Mwanga utoke mbele. Nguo iwe ya rangi moja inayotofautiana na ngozi ya mikono, na ukuta wa nyuma usiwe na maua. Kamera isisogezwe kabisa. Wakizungumza wawili, tumia kamera mbili.

Na hapa kuna jambo linalosahaulika na watu wa usalama wa kidijitali: huwezi kumfunika uso mtu anayezungumza kwa alama. Nyusi, mdomo na mwelekeo wa kichwa ni sehemu ya sarufi. Ukiweka ukungu usoni umemkata ulimi. Kama ni hatari aonekane, rekodi halisi ifungwe, na mwanamke kiziwi mwingine aliye tayari kuonekana asimulie upya ushuhuda huo kwa alama, kwa idhini ya mwenyewe. Fanya hivyo na viziwi wakiongoza kazi, si wakialikwa mwishoni.

Maswali yenyewe? Acha ugonjwa usubiri. Uliza alipendana na nani, walikutania wapi, nani alimfundisha kucheza, alivaa nini, nani alimfungulia mlango na nani aliufunga. Habari za ulemavu zitakuja zenyewe, zikiwa mahali pake katika maisha.

Hatua ya 5: Kutunza vitu vyenyewe

*Karatasi na picha.* Toa pini za stepla na klipu za chuma kabla hazijashika kutu. Usitumie selotepu, usilaminishe chochote. Weka ndani ya bahasha au majalada yasiyo na asidi. Ukiyakosa, karatasi safi nyeupe ni bora kuliko mifuko laini ya plastiki yenye harufu. Andika kwa penseli, nyuma ya picha, pembeni. Adui wa mwambao ni unyevu, hivyo masanduku yasiguse sakafu wala ukuta wa nje, na hewa ipite. Penye kuvu, tenga, kausha, na anayeshughulikia avae barakoa. Hifadhi yenye vumbi la kuvu imeshamfungia nje mwanamke mwenye pumu.

*Breli.* Vitabu visimame wima, visilaliane. Uzito husawazisha vinundu, na vikisawazishwa maandishi yamekufa. Ukipiga picha, weka taa pembeni, chini, ili kila kinundu kitupe kivuli. Kisha mtu anayesoma breli ayanukuu. Nakala ya kompyuta haichukui nafasi ya ukurasa wenyewe, kwa sababu msomaji wa baadaye atataka kuusoma kwa vidole.

*Kaseti.* Vunja vile vijipande viwili vya plastiki juu ya kaseti ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kabla ya kunakili, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe. Nakili kwa WAV, biti 24, angalau kilohezi 48. MP3 iwe ya kusikilizia tu. Usichelewe: kanda za sumaku huharibika, na mashine nzuri za kuzichezea zinazidi kuadimika.

*Karatasi za simu za maandishi.* Viziwi wa Marekani na Ulaya walizungumza kwa miongo kadhaa kupitia simu ya maandishi, teknolojia iliyoanza mwaka 1964 kwa kazi ya Robert Weitbrecht, mwanafizikia kiziwi. Mashine nyingi za baadaye zilichapa mazungumzo kwenye karatasi ya joto, ile ile ya risiti za dukani, ambayo hufifia hadi kuwa tupu. Kama unazo barua za mapenzi za aina hiyo kutoka kwa jamaa wa ughaibuni, ziskani leo, kabla ya kitu kingine chochote kwenye sanduku.

*Skani.* Maandishi dpi (nukta kwa inchi) 300, picha dpi 600. Nakala kuu TIFF, nakala ya kutazama JPEG.

Hatua ya 6: Nakala tatu, na moja iwe mbali

Mwaka 2012 wezi waliingia katika makazi ya mpiga picha Zanele Muholi, Cape Town, wakaondoka na diski zaidi ya 20. Zilikuwa na miaka ya kazi ya kuwapiga picha wasagaji weusi, na nakala rudufu ziliibwa pamoja na za kwanza, kwa sababu zilikaa nyumba moja. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo. Kuwa na nakala 3, katika aina 2 tofauti za vifaa, na moja iwe mji mwingine au nchi nyingine. Flashi isihesabiwe kama hifadhi, maana huharibika bila kutoa taarifa.

Hatua ya 7: Maelezo ya kila kitu

Kwa kila kitu andika: ni nini, nani aliumba, lini na wapi kama inajulikana, kwa lugha gani, nani aliruhusu nini. Tumia jina ambalo mwanamke mwenyewe alijiita. Anzaldúa alisita kujiita mtu mwenye ulemavu, na mtunzaji mwaminifu anaandika "aliishi na kisukari" na kuacha usita huo uonekane. Vivyo hivyo kwa mapenzi yake: usimbatize mtu aliyefariki kwa dhana tu. Andika kinachoonekana, kwa mfano kwamba wanawake hawa wawili waliishi pamoja kwa miaka fulani na mmoja alimtunza mwenzake, na umwachie msomaji.

Majalada ya zamani yataleta maneno ya matusi. Yaache kwenye hati halisi, yasiingie kwenye maelezo yako.

Hatua ya 8: Fungua milango

Wenye historia wasishindwe kuifikia. Kila picha iwe na maelezo ya maneno kwa wasioona, na maelezo yasionee haya miili: sema kovu liko wapi, mguu wa bandia una rangi gani, nani ameshika mkono wa nani. Kila sauti iwe na manukuu, kila video iwe na alama au maandishi. Maandishi makubwa yaanzie pointi 18. Faili za PDF ziwe na maandishi halisi yanayosomeka na programu ya kusoma skrini, si picha ya ukurasa. Kwenye maonyesho, tundika kazi kwa urefu wa mtu aliyeketi, weka viti, na pata chumba cha kupumzikia. Choo kikaguliwe na mtumiaji wa kiti cha magurudumu kabla ya siku yenyewe, kwa kuwa ahadi ya mwenye ukumbi haitoshi.

Fanyeni kazi zitumike. Jarida la wasagaji la Sinister Wisdom, lililoanzishwa mwaka 1976, limeweka matoleo yake mengi ya zamani mtandaoni bure, na toleo lake la 39 lilikuwa juu ya ulemavu. Vijana wanaolisoma leo wanaanza kuandika wakijua kuna waliowatangulia.

Hatua ya 9: Panga urithi ukiwa hai

Mwanamke anayemiliki karatasi hizi aandike wosia unaomtaja kwa jina mtu atakayezichukua, tofauti na atakayerithi nyumba au shamba. Wosia uwe na mashahidi wanaotakiwa na sheria ya nchi yake. Pamoja nao, barua fupi: masanduku yako wapi, funguo ziko kwa nani, nenosiri limehifadhiwa vipi, nini kichomwe bila kusomwa. Nakala za hatari zihamishwe mapema, maana mikono ya ndugu hufika kabla ya wakili.

Kikundi nacho kiandike nani atashika kazi mmoja akihama, akiugua au akifariki. Mtunza ufunguo wa majina awe na mrithi anayejulikana kwa mtu mmoja tu mwingine. Kila mwaka, siku iliyokubaliwa, fungueni diski zote, sikilizeni faili chache za kila mkusanyiko hadi mwisho, hamisheni zilizo kwenye vifaa vya zaidi ya miaka 5, na mpigieni kila mama aliye hai mumuulize kama ngazi ya ridhaa aliyochagua bado ndiyo anayoitaka.